Bei ya Mgeni

Liko swali dogo ambalo watu wazima hulipita kila siku bila kuligeukia, na kwa sababu hiyo nalileta kwako, msomaji, wewe ambaye hujaiacha desturi njema ya kuuliza. Watu wawili wanunuapo kitu kimoja, mahali pamoja, siku moja, mmoja mwenyeji na mmoja mgeni, je, ni haki mgeni atozwe zaidi? Na ikiwa si haki kumtoza zaidi, je, ni haki yeye naye kupigania bei hata alipe pungufu ya mwenyeji? Swali la kwanza huulizwa na kila msafiri, na aghalabu hulijibu mwenyewe papo hapo kwa hasira. Swali la pili halikunijia kitabuni. Lilinijia katika mji wa Jakarta, baada ya safari fupi ndani ya gari la magurudumu matatu, na mpaka leo sijalimaliza.

Jakarta uko katika kisiwa cha Java, nchini Indonesia. Sheria ya mwaka 2022 imeagiza makao makuu ya serikali yahamie mji mpya uitwao Nusantara, katika kisiwa cha Kalimantan, na nilipofika Agosti 2024, kwa mkutano wa walimu, sherehe za uhuru za tarehe 17 zilifanyika katika miji yote miwili, mmoja ukijiandaa kuaga na mmoja kupokea. Jakarta wenyewe haukuonyesha dalili yoyote ya kuaga. Wakazi wake ni zaidi ya milioni 10, na ukihesabu miji iliyoshikamana nao wanapita milioni 30, yaani zaidi ya nusu ya Wakenya wote waliohesabiwa mwaka 2019. Pikipiki hupita kama maji yaliyofunguliwa mfereji. Joto ni lile la Mombasa mwezi wa Machi, ila halina upepo wa bahari wa kulituliza, ijapokuwa bahari i karibu.

Msemaji wa Kiswahili hapotei kabisa katika mji huo. Mtu akikuamkia hukuuliza kabar, nawe wasikia habari. Dunia ni dunia. Wakati ni waktu, msimu ni musim, mwadilifu ni adil, na kile ambacho Mungu humwandikia mja wake ili apate kula, sisi tukakiita riziki, wao hukiita rezeki. Hayo tuliyapata wote kutoka kwa Waarabu. Wareno nao walitugawia: meza yetu ni meja yao, na bendera, ambazo wiki ile zilikuwa zimetundikwa kila uchochoro, nyekundu juu na nyeupe chini, huitwa bendera vilevile. Lakini neno la Kireno la kanisa lilipata bahati mbalimbali katika pwani hizi mbili: kwao likawa gereja, na bado ni kanisa, kwetu likawa gereza. Sijui msomaji atafikiri nini juu ya hilo. Mimi nilicheka peke yangu barabarani mpaka watu wakanitazama. Neno jingine lilinitatiza zaidi. Sokoni kila mtu alikuwa akilalamika, mahal, mahal, nami nikidhani wanatafuta mahali. Siku ya pili ndipo nilipoambiwa kwamba maana yake ni ghali.

Siku ya nne nilikwenda kuutazama msikiti wa Istiqlal, jina ambalo maana yake ni uhuru. Ni jengo kubwa mno, lenye kuba la upana wa mita 45, na mchoraji wake, Friedrich Silaban, alikuwa Mkristo. Mkabala wake, ng'ambo ya barabara, limesimama kanisa kuu la Wakatoliki. Mambo hayo yanastahili insha yake yenyewe. Mimi nilitoka hapo yapata saa nane mchana, jua likiwa kali, nikitaka kwenda Tanah Abang, soko mashuhuri la nguo, ili nimnunulie mke wangu kitambaa.

Nje walikuwapo madereva wa yale magari ambayo Mombasa huitwa tuktuk na Dar es Salaam huitwa bajaji. Jakarta nako huitwa bajaj, kwa jina la kiwanda cha Kihindi kilichoyatengeneza. Dereva aliyenijia alikuwa mzee mwembamba, mwenye kofia iliyopauka, akivuta sigara ya nchi ile ambayo huchanganywa na karafuu. Harufu ile ilinipeleka Pemba kwa ghafula. Akanitajia nauli ya rupia 60,000 kwa kuziandika katika simu yake na kunionyesha. Shilingi moja yetu wakati ule ilipata rupia 120 hivi.

Nilikuwa nimeonywa. Kabla ya safari, kila mtu aliyewahi kufika nchi za mbali alinipa wasia mmoja: bei ya kwanza ni bei ya mgeni, usiikubali. Basi nikamwonyesha vidole viwili, 20,000. Akacheka, akatikisa kichwa. Nikaanza kuondoka, kwa ule mwendo wa pole ambao wewe msomaji waujua, mwendo wa mtu anayetaka kuitwa. Akaniita. Akashuka hadi 40,000. Ndipo nilipofanya jambo ambalo hasa ndilo lililonikalisha kuandika. Kwa maneno machache niliyokuwa nimejifunza, nikamwambia kwamba mimi ni mwalimu, natoka Afrika, wala sina fedha.

Mzee yule akalirudia neno moja tu, Afrika, na uso wake ukafunguka. Akapangusa kiti kwa kitambaa, akaonyesha vidole kwa 25,000, tukaenda. Njiani alinionyesha majengo kwa mkono, akayataja majina yake kwa sauti kubwa ili nisikie juu ya ngurumo za barabara. Tulipofika nilimlipa kamili, akashukuru kwa kuinamisha kichwa, nami nikaingia sokoni nikiwa na furaha ya mshindi. Nilipiga hesabu: nilikuwa nimeokoa rupia 35,000, karibu shilingi 290.

Jioni, mwalimu mwenyeji wetu, mama wa makamo ambaye sote tulimwita Ibu kama desturi yao ilivyo, aliniuliza nilifikaje Tanah Abang. Nikamsimulia kwa mbwembwe, nikaigiza hata ule mwendo wangu wa pole. Wenzangu wakacheka. Yeye akatabasamu kidogo, kisha akaniambia, "Sisi hulipa 35,000. Mvua ikinyesha, 40,000." Hakuongeza neno. Akanipakulia wali.

Sasa, msomaji, tulitazame jambo hili kama watu wawili waliokaa chini ya mti mmoja, wala usiniharakishie hukumu, kwa kuwa nimejihukumu na kujiachilia mara nyingi kabla yako.

Upande wangu una hoja, nazo si dhaifu. Mzee alianza kwa kunidanganya. Kunitajia 60,000 ilhali bei ya mji ni 35,000 ni kutumia ujinga wangu kama mtaji. Wakale waliliona jambo hili mapema. Katika mafundisho ya Uislamu wafanyabiashara walikatazwa kutoka nje ya mji kwenda kuulaki msafara njiani na kununua bidhaa zake kabla wasafiri hawajafika sokoni na kujua bei. Tazama hekima iliyomo: biashara yenyewe haikukatazwa, wala faida haikukatazwa, kilichokatazwa ni kuuwahi ujinga wa mgeni kabla haujaondoka. Mzee yule alikuwa amenilaki njiani. Kwa nini basi nisijilinde?

Lakini hoja ya kwamba mgeni asilipe tofauti na mwenyeji haisimami vizuri ikipelekwa mbali. Nenda Fort Jesus, Mombasa, utaona kwamba mwananchi hulipa kiingilio kidogo na mgeni wa nje hulipa kikubwa. Mbuga zetu za wanyama hufanya vivyo hivyo. Indonesia nayo, katika hekalu kuu la Borobudur, humtoza mgeni zaidi ya raia. Wala hatusemi kuwa hayo ni wizi. Twasema mwananchi amekwisha kulipa kwa kodi yake, na mgeni mwenye uwezo wa kuvuka bahari ana uwezo wa kuongeza kidogo. Kwetu hata methali inasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu huitaja kwa adabu, kana kwamba uponyaji huo unatokana na furaha ya kuonana tu. Lakini mwenyeji huponaje, ikiwa mgeni haji na kitu mkononi?

Hebu niambie basi: serikali ikimtoza mgeni mara tatu, twaiita sera, na mzee wa bajaj akimtoza mara mbili, twamwita mlaghai. Tofauti iko wapi? Nimeitafuta, nikaipata moja tu iliyo ya kweli. Bei ya Fort Jesus imebandikwa ukutani. Mgeni huisoma, huona na bei ya mwananchi kando yake, na akitaka hugeuka akarudi hotelini kwake. Ukubwa wa bei ya mzee haukuwa ndio ubaya wake. Ubaya ulikuwa katika kufichwa kwake. Lau angaliniambia, "Wenyeji hulipa 35,000, nawe uliyekuja kwa ndege nakuomba 50,000," ningalikuwa na neno gani la kujibu? Ningeweza kukataa, lakini nisingeweza kumwita mwongo.

Hapo ndipo kesi inaponigeukia. Maana kama kosa ni kuficha, mimi nilificha nini? Nilisema sina fedha. Mfukoni mwangu zilikuwamo noti nyekundu za rupia 100,000 ambazo sikutaka azione. Msomaji anayeujua mshahara wa mwalimu wa Kenya huenda akanitetea, akasema sikudanganya sana. Nami nilijitetea hivyo hivyo usiku ule. Lakini umaskini si vazi ambalo mtu huvaa popote aendako. Nyumbani mimi ni mtu wa kuhesabu siku za mwezi. Pale Jakarta nilikuwa mtu aliyelala katika chumba chenye kiyoyozi, ambaye nauli yake ya ndege, aliyolipiwa na wengine, ilizidi kwa mbali chochote ambacho mzee yule angeweza kuweka akiba. Umaskini wangu niliuacha uwanja wa ndege, kisha nikautaja kama shahidi, na yeye akauamini.

Wala sikujitaja peke yangu. Niliitaja Afrika. Siku mbili baadaye tulipita mtaa wa Senayan, nikaona barabara iliyoandikwa jina Jalan Asia Afrika, na Ibu akanikumbusha jambo ambalo mimi mwenyewe hulifundisha. Mwaka 1955, mwezi wa Aprili, mataifa 29 ya Asia na Afrika yalikutana Bandung, katika kisiwa hicho hicho cha Java, kusema kwamba watu waliotawaliwa waweza kusimama pamoja. Kenya haikuwamo, kwa kuwa bado ilikuwa chini ya Waingereza, na kwetu ilikuwa ni wakati wa hali ya hatari. Lakini watu wa Java wa umri wa mzee yule walilelewa na jina lile, Asia Afrika, kama sisi tulivyolelewa na neno harambee. Uso wake uliofunguka haukuwa wa mtu aliyeshindwa katika bei. Nadhani aliona ndugu. Na ndugu yule alikuwa akilitumia jina la udugu ili apunguziwe rupia 15,000. Nililitia bara zima katika uwongo wangu, msomaji, na sikuona haya mpaka nilipokuwa nimekaa mezani na sahani mbele yangu.

Wako watakaosema kwamba soko ni soko: alitaja, nikataja, akakubali, hakuna aliyemshika mkono. Hoja hii husemwa kwa ujasiri mkubwa, hasa na wale ambao hawajapata kuuza kitu wakiwa na njaa. Kiswahili chetu kinajua tofauti ambayo hoja hiyo huisahau. Kukubali si kuridhika. Mtu hukubali kwa kinywa kwa sababu ya haja. Huridhika kwa moyo kwa sababu ya haki. Madereva wengi wa bajaj huendesha magari yasiyo yao. Kila siku ni lazima wampelekee tajiri mwenye gari kiasi kilichopangwa, wapate abiria wasipate, kama ilivyo kwa vijana wengi wa tuktuk kule kwetu. Kinachobaki baada ya kiasi hicho na gharama ya kuliendesha ndicho chakula. Saa nane mchana, ukiwa hujatimiza fedha ya tajiri, abiria anayetoa 25,000 ni bora kuliko kivuli cha mti. Alikubali. Aliridhika? Sina haki ya kusema ndiyo.

Thomas Aquinas, mwanachuoni wa Ulaya wa karne ya 13, aliandika juu ya jambo hili akasema kwamba muuzaji asiongeze bei kwa sababu tu mnunuzi ana haja kubwa na kitu kile. Kwa kuwa haja hiyo si mali ya muuzaji, na mtu hawezi kuuza kisicho chake. Nilipolisoma hilo zamani nilikuwa nikiwafikiria walanguzi wa unga wakati wa njaa. Sikuwaza kwamba lageuzika. Haja ya mzee haikuwa mali yangu, nami niliitumia kununulia nauli rahisi.

Mtu asidhani kwamba nalaumu mapatano ya bei kwa jumla. Mwalimu gani wa Pwani atalaumu mapatano ya bei? Sokoni Kongowea, mama niliyenunua kwake nyanya kwa miaka sita hunitajia bei, mimi humwambia ananiua, yeye huniuliza hali ya watoto, mimi humwuliza goti lake, kisha tunafika mahali ambapo sote wawili tulipajua tangu mwanzo, naye hunitupia nyanya mbili za nyongeza. Leo akinizidishia kidogo, kesho atanifidia. Nikimpunguza sana wiki hii, wiki ijayo ataniuzia zilizopondeka, na atakuwa na haki. Bei ya kwetu ina kesho. Yale maneno marefu si vita. Ni namna ya watu wawili kukumbushana kwamba wataonana tena.

Msafiri hana kesho. Hilo ndilo jambo ambalo sikulijua nilipokwenda, na ambalo nadhani ndilo kiini cha mashaka yangu yote. Nilichukua mchezo wa Kongowea nikaupeleka mahali ambapo nusu yake haiwezi kuchezwa. Mzee yule asingeweza kunifidia wala kunilipiza. Katika mji wa mamilioni, mtu uliyempunja saa nane amekwisha kumezwa saa tisa. Siku iliyofuata nilirudi nje ya Istiqlal, nikasimama karibu saa nzima nikiwatazama madereva. Walikuwa wengi, na kofia zilizopauka zilikuwa nyingi. Kijana mmoja akanifuata, akanitajia 60,000 kwenda popote. Ningempa huyo kilichokuwa cha mwenzake? Deni halina tabia hiyo. Nikaenda zangu kwa miguu.

Huenda wewe unasema kwamba jawabu ni rahisi: msafiri na alipe kila anachotajiwa, asibishane, ahesabu ziada kuwa sadaka. Nililifikiria hilo pia, na Ibu alinicheka. Alisema iko mitaa inayopendwa na wageni ambako dereva hamgeukii tena mama aliyebeba kapu la mboga, kwa kuwa anamngoja mgeni mmoja atakayelipa nauli ya watu watatu. Ukarimu wa mgeni asiyejua bei humwangukia mwenyeji maskini kama mzigo. Basi hata wema unataka maarifa. Nilijua kabla ya kusafiri majina ya majumba ya makumbusho na saa za kufunguliwa kwake. Sikuuliza mtu yeyote nauli ya bajaj ni kiasi gani kwa mwenye mji. Ningaliuliza, ningalilipa 35,000 na kitu kidogo juu, na insha hii isingeandikwa.

Siku hizi wengi husema simu imekata shauri. Katika Jakarta, kama katika Nairobi, abiria hubonyeza programu ya simu, na bei huonekana kabla hajapanda. Mgeni na mwenyeji huonyeshwa njia ile ile na hesabu ile ile, na mvua ikinyesha bei hupanda bila mtu wa kuulizwa. Watoto wa Ibu hawajui kupatana bei hata kidogo, wala hawaoni kuwa wamepungukiwa. Yako mema katika mashine hiyo: ilimwondolea dereva nafasi ya kunidanganya, nami ikaniondolea nafasi ya kumdanganya. Lakini aliyefungwa mikono hasifiwi kwa kutoiba. Na dereva wa simu naye ana tajiri wake, ambaye hamwoni uso, na hukatwa sehemu ya nauli kabla haijamfikia. Swali letu halikujibiwa hapo. Limehamishwa tu mahali ambapo mimi na wewe hatulioni.

Mji ule, kwa kweli, ni mwalimu mkali wa habari za bei. Waholanzi wa Kampuni ya Mashariki ya India waliuteka mwaka 1619, wakauita Batavia, na jina hilo lilidumu mpaka mwaka 1942. Utajiri wa Kampuni ulisimama juu ya viungo vya chakula. Ili karafuu isiwe nyingi na bei isishuke Ulaya, waliamuru mikarafuu ya Maluku isipandwe ila Ambon na visiwa jirani, wakatuma merikebu kuikata iliyobaki, na mkulima hakuwa na ruhusa ya kumwuzia mtu mwingine, wala kwa bei nyingine isipokuwa ile waliyoipanga wao. Baadaye mbegu zilitoroka. Katika karne ya 19 karafuu ikaota Unguja na Pemba, kwa jasho la watumwa, na katika karne ya 20 karafuu yetu ikasafiri kurudi huko kutiwa katika sigara kama ile ya mzee wangu. Nasimulia haya ili uone kipimo. Kati ya bei ya uwongo ya mzee mwenye bajaj na bei ya kampuni yenye mizinga, iko bahari nzima. Na mtu aliyekasirishwa na ile ya kwanza akaisoma ya pili bila kukunja uso hajajifunza historia.

Hata leo, wale ambao mji huwatoza bei ya mgeni kwa ukali zaidi si wageni. Kaskazini, karibu na bahari, ardhi ya Jakarta inadidimia. Baadhi ya mahali pameshuka mita kadhaa tangu miaka ya 1970, na sababu kubwa ni maji yanayofyonzwa kwa visima virefu kutoka chini ya mji. Mtaa wa Muara Baru umejengewa ukuta, na bahari nyuma ya ukuta i juu kuliko barabara. Nilisimama pale nikiitazama, na si mandhari ambayo mtu huisahau. Lakini kilichonishika zaidi kilikuwa kitu kidogo: mtu akisukuma mkokoteni wenye mitungi ya maji, akiuza nyumba kwa nyumba. Kwa kuwa bomba halijamfikia kila mtu, asiye na bomba hununua kwa mtungi, na kwa kila lita hulipa zaidi ya tajiri aliyefungua mfereji bustanini. Mtoto wa Mathare ataelewa bila kufafanuliwa. Watu hao wamezaliwa pale, wamepiga kura pale, na bado mji unawaambia kila asubuhi bei ambayo mwenyeji wa kweli hailipi.

Niliporudi nyumbani nililiweka jambo hili mbele ya wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, katika saa ya insha. Niliwasimulia yote, isipokuwa ule mwendo wa pole, ambao niliuona haunisaidii. Wakagawanyika. Wavulana wengi walisema dereva alianza, na aliyeanza hana pa kulalamikia. Mmoja akasema nauli ni maneno na maneno hayana dhambi. Tukabishana naye kwa muda, na sikumshinda vizuri. Wengine walisema ningalimpa 40,000 na kunyamaza. Kisha binti mmoja mtaratibu, ambaye mama yake huuza samaki sokoni, akainua mkono.

"Mwalimu," akasema, "kama mzee yule angalikutajia 35,000 tangu mwanzo, bei ile ile ya kweli, ungalimpa?"

Darasa lilikuwa kimya. Nikamwambia kwamba nisingalimpa; ningalimwonyesha vidole viwili vile vile.

Akaketi. Zilikuwa zimebaki dakika kumi kabla ya kengele, nami nikawaruhusu watoke.